Ushuru usio na risiti: Dharau ndogondogo zinavyowagharimu wafanyabiashara wa mipakani

Kila mfanyabiashara anayevuka mpaka anazijua gharama zake. Anajua nauli ya lori na ya bodaboda, anajua malipo ya mbeba mizigo, anajua ushuru wa forodha na hasara ya kubadilisha fedha. Jioni anaweza kukaa na daftari lake na kujumlisha kila kitu mpaka shilingi ya mwisho.

Ipo gharama moja ambayo haiingii kwenye daftari hilo, na wala hawailipi wote. Ni swali analoulizwa mtu mmoja tu kati ya 20 waliopanga foleni. Ni jina la kubandikwa analoitwa badala ya jina lake, au sifa iliyofungwa mwiba ndani. Ni mtumishi anayezungumza na msaidizi wake huku mwenye mzigo amesimama palepale. Kila moja kati ya hayo, likichukuliwa peke yake, ni jambo dogo ambalo mtu hawezi hata kulifikisha kwa mkuu wa kituo. Lakini wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayechovywa kila siku, kwa miaka, hufika mahali akakuta buyu limekauka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na, tangu mwaka 2024, Somalia. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Busia, Malaba, Namanga, Rusumo, Mutukula na Holili kuna vituo vya pamoja vya huduma mpakani, ambako msafiri anamaliza shughuli za nchi mbili katika jengo moja. Milango imefunguliwa kwa sheria. Kilichobaki nyuma ni ulimi, na anayeumizwa nao mara nyingi ni yule ambaye hata kwao huhesabiwa wa pembeni: mtu wa kabila dogo, mwenye ulemavu, mwenye ualbino, mkimbizi wa zamani, mwanamke mwenye mtaji mdogo.

Jambo dogo lenye jina

Dharau za aina hii zimechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliandika kuhusu vitendo vidogo vya kila siku ambavyo Wamarekani weusi walitendewa na wenzao weupe, akavipa jina la maikroagresheni, yaani uchokozi mdogomdogo. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiliangalia tukio moja hutaona kitu, ila ukiyajumlisha yote utaona mzigo mzito.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na wenzake, waliyapanga matukio hayo katika mafungu. Mtu anachukuliwa kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Anadhaniwa hana akili ya kutosha, au anadhaniwa mhalifu kabla hajafanya lolote. Anahudumiwa kama raia wa daraja la pili. Waliandika pia kwamba mara nyingi anayetenda hajui kwamba ametenda, na akiambiwa hukana kwa dhati. Anayetendewa hubaki na kazi ya kujiuliza: Amekusudia? Niseme? Nikisema, nitaonekana mkorofi?

Utafiti huo ulifanyika Marekani, lakini msafiri wa Namanga au Busia hahitaji kwenda mbali kuyaona mafungu yote manne. Yako kwenye foleni moja.

“Unatoka wapi hasa?”

Swali la “unatoka wapi” ni la haki mpakani. Ofisa wa uhamiaji analipwa kuliuliza. Dharau inaanza mtu anapokuwa ameshajibu, ameshatoa kitambulisho, kisha anaulizwa tena: “Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?” Neno “hasa” ndilo linalouma, kwa sababu linasema kwamba karatasi yake haitoshi.

Kwa Wakenya wa asili ya Kisomali neno hilo lina historia ndefu. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliendesha zoezi la kuwachuja Wasomali wa nchi hiyo na kuwapa kadi maalumu, juu ya kitambulisho cha taifa ambacho Wakenya wengine walikitumia peke yake. Aprili 2014, katika operesheni ya usalama iliyoitwa Usalama Watch, watu wengi walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu wa uhakiki wa ziada kwa vijana wa kaskazini wanaoomba vitambulisho umefutwa.

Amri ya rais inaweza kufuta fomu. Haiwezi kufuta mazoea ya kaunta. Mfanyabiashara wa vitambaa aliyezaliwa Garissa bado anaweza kusikia, “Aisee, Kiswahili chako kizuri sana kwa Msomali,” na msemaji akaamini kabisa kwamba amemsifu. Au ataitwa “waria” na kila mtu sokoni. Kwa asili, waryaa ni neno la Kisomali la kumwita mwanamume, kama mtu anavyosema “wewe bwana”. Likitoka kwa mwenzake ni mwito. Likitoka kwa asiyejua jina lake na asiyetaka kulijua, linageuka kuwa chapa.

Wanubi wa Kenya wanalijua swali hilo pia. Babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakapewa makazi Kibera. Vizazi vilivyofuata vilizaliwa Kenya, lakini vijana wao walilazimika kupita mbele ya kamati za uhakiki na kuulizwa nyaraka za babu na bibi ili wapate kitambulisho. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao.

Wamakonde wa Kwale waliishi hali kama hiyo. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa wakati wa ukoloni. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Kabla ya hapo, Mmakonde wa Kwale hakuweza kusajili biashara wala laini ya simu kwa jina lake.

Kwa msomaji anayeishi kwa kuvuka mpaka, hili ni jambo la mfukoni. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Anayekikosa, au anayekuwa nacho kisha kikatiliwa shaka kila anapokitoa, anafanya biashara mguu mmoja ukiwa umefungwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema waliotangulia. Tatizo ni kuku aliyezaliwa uani akaendelea kufungwa kamba.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia machafuko ya mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Wengi walikuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kwa miaka mingi mahindi na maharage yao yalikuwa yakilisha masoko ya jirani. Ni raia kwa cheti. Hata hivyo, neno “mkimbizi” halikuondoka siku cheti kilipotolewa. Kijana aliyezaliwa Mishamo, ambaye hajawahi kuiona Bujumbura, anaweza kukatisha bei ya gunia kwa kuambiwa, “Nyinyi wakimbizi mna maneno mengi.”

Mwenye mzigo yuko wapi?

Fungu jingine la dharau linampata mtu ambaye uraia wake hauna shaka, ila hakuna anayeamini kwamba mali ni yake.

Tafiti za Benki ya Dunia katika nchi za Maziwa Makuu zimeonyesha kwamba wafanyabiashara wadogo wa mpakani wengi wao ni wanawake. Ndio wanaovusha mayai, nyanya, samaki, unga na vitenge. Pamoja na wingi huo, mwanamke aliyesimama kando ya shehena kubwa kidogo huulizwa, “Mama, mwenye mzigo yuko wapi?” Akisema ni wake, swali la pili ni la mume. Mwanamume aliyesimama nyuma yake na mzigo wa ukubwa uleule haulizwi mke wake yuko wapi. Hakuna aliyemtukana mama huyo. Ameambiwa tu, kwa sauti ya upole, kwamba mtu kama yeye haonekani kuwa mwenye mali.

Watu wenye ulemavu wanalifahamu zaidi swali hilo. Katika vivuko vya Kongo, tangu enzi za Mobutu, watu wenye ulemavu walipata nafuu ya nauli na ushuru, na wengi wakaingia katika biashara ya kuvusha bidhaa. Kinshasa walijulikana kwenye feri ya kwenda Brazzaville. Goma walijulikana kwenye kivuko cha Petite Barrière kinachoingia Rubavu nchini Rwanda, wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono huku zimesheheni magunia. Wengi wao walipooza miguu kwa polio utotoni. Kwa baiskeli hizo wamejenga nyumba na kusomesha watoto.

Hapo ndipo dharau inapojificha ndani ya huruma. Anayeiona baiskeli yenye gunia huona chombo cha kubebea mali ya mtu mwingine. Humtafuta “bosi” ili wapatane bei. Mwingine humpigapiga begani na kumwambia, “Pole sana, Mungu atakusaidia,” kisha anampa nafasi ya mbele kwenye foleni ambayo hakuiomba, huku wenzake wakinung’unika. Mwingine anamwuliza kijana anayesukuma baiskeli, “Huyu anataka nini?” ilhali huyu anasikia na ana mdomo. Mwenye mtaji, mwenye wateja wa kudumu pande mbili za mpaka na mwenye kujua bei ya unga kuliko wote waliopo, anafanywa mtoto mbele ya wateja wake.

Majina na vikombe

Kiswahili chenyewe kimebeba sehemu ya mzigo huu. Majina ya watu kwa kawaida hukaa katika ngeli ya m- na wa-: mtu, mkulima, mvuvi, mchuuzi. Lakini kilema, kipofu, kiziwi na kibete yanaanza na ki-, kama kiti na kikapu. Ndiyo maana sheria na vyombo vya habari vimehamia kwenye maneno yanayomweka mtu mbele: mtu mwenye ulemavu, asiyeona, mwenye ulemavu wa kusikia. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Uganda imetunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020. Wapo wanaoona kubadilisha maneno ni kujisumbua. Wanaoitwa kwa maneno hayo, wakiwa wanauza nyanya mbele ya watu, wanajua tofauti yake.

Watu wenye ualbino wana sababu kubwa zaidi ya kutolichukulia neno kuwa dogo. Katika miaka ya mauaji yaliyotokana na imani za kishirikina, wapo waliozoea kuwaita “dili” au “pesa” wanapopita njiani. Aliyesema huenda alitaka kuchekesha wenzake kijiweni. Aliyeambiwa alisikia kwamba kiungo chake kina bei. Mfanyabiashara mwenye ualbino anayesikia neno hilo katika mji asiokuwa na ndugu, jioni, akitafuta gesti, hana uhakika kama ni mzaha au ni onyo. Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 13 kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, na wabunge wenye ualbino wamekaa katika bunge la Tanzania na la Kenya. Lakini siku moja ya mwaka haitoshi kufuta neno linalosemwa siku zote nyingine.

Kwa Wabatwa, wanaoishi Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo, dharau imepita kwenye kikombe. Kwa vizazi vingi majirani zao walikataa kula nao chombo kimoja au kunywa nao kutoka chungu kimoja. Kinachoshangaza ni kwamba ufinyanzi ndiyo ilikuwa kazi yao mashuhuri nchini Rwanda na Burundi: jirani alinunua chungu cha Mtwa, akapikia familia yake, kisha akakataa kunywa na aliyekifinyanga. Baadaye vyombo vya plastiki vikaingia sokoni na mabonde ya udongo wa mfinyanzi yakageuzwa mashamba, na hata biashara hiyo ikadhoofika. Nchini Uganda Wabatwa waliondolewa misituni mwaka 1991 zilipoanzishwa hifadhi za Bwindi na Mgahinga.

Serikali zimechukua hatua. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Wabatwa viti vitatu katika Bunge la Taifa na vitatu katika Seneti. Kongo ilitunga sheria ya kuwalinda mwaka 2022. Mkahawani sokoni, hata hivyo, sheria haimwagi chai. Mwenye mkahawa anayemtafutia mteja mmoja kikombe cha peke yake cha plastiki, wakati wengine wote wanakunywa kwenye vya udongo, hajavunja kifungu chochote anachokijua. Amemwambia mteja huyo asirudi.

Lipo pia la salamu. Mwanamke mzee mwenyeji akifika kwenye kibanda, kijana wa duka humwamkia: “Shikamoo mama, karibu.” Mzee wa umri huohuo akifika na kitenge kilichochakaa na lafudhi ya ng’ambo ya mpaka, kijana yuleyule humwuliza: “Wewe, unataka nini?” Hakuna aliyemfundisha kijana huyo kubagua. Amejifunza kwa kuangalia nani huamkiwa na nani haamkiwi.

Utani una watani

Anayekemewa kwa maneno kama haya hujibu haraka: “Ni utani tu, mbona unakuza mambo?” Jibu hilo linastahili kupimwa, kwa sababu eneo hili ni moja ya maeneo yaliyoujenga utani ukawa taasisi kamili.

Utani wa jadi una kanuni zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani, kama Wazaramo, unahusishwa na misafara ya biashara iliyokwenda na kurudi kati ya bara na pwani. Wabebaji wa mizigo walipita katika nchi za watu, walihitaji maji, chakula, malazi na, mmoja wao alipofia njiani, mtu wa kumzika. Utani uliwapa haki ya kuvipata. Kwa maneno mengine, utani ni mtoto wa biashara ya safari ndefu, babu wa hii inayofanyika leo Namanga na Tunduma.

Kanuni ya kwanza ya utani huo ni kwamba unakwenda pande mbili. Anayetania hutaniwa, na hana ruhusa ya kununa. Kanuni ya pili ni kwamba una wajibu. Mtani anayekucheka arusini ndiye anayekuja msibani kwako kufanya kazi ambazo ndugu hawaziwezi. Anakukejeli kwa sababu anakuhesabu kuwa wake.

Dharau ndogondogo hazina kanuni hata moja kati ya hizo. Ofisa akimcheka msafiri kwa lafudhi yake, msafiri hawezi kumcheka ofisa, kwa sababu mhuri uko mkononi mwa ofisa. Mwenye duka la jumla akimwita mteja “mbilikimo”, mteja hana jina la kumrudishia ambalo litamwuma kiasi hicho. Na anayeitwa “mkimbizi” sokoni hatarajii kwamba aliyemwita hivyo atakuja kumbebea jeneza. Pasipo kurudishiana na pasipo wajibu, kinachobaki ni kicheko cha mwenye nguvu, na hicho wazee hawakukiita utani.

Hasara iko wapi?

Mfanyabiashara ni mtu wa hesabu, na swali lake la haki ni hili: maneno yanapunguza nini kwenye mauzo?

Mfano mmoja unatosha. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Ili kukipata, mtu lazima aulize. Lazima asogee dirishani aseme, “Naomba cheti rahisi cha uasili,” na asipoelewa fomu, aulize tena.

Aliyechekwa alipouliza mara ya kwanza haulizi mara ya pili. Aliyeulizwa mwenye mzigo yuko wapi mbele ya foleni nzima atamlipa wakala amfanyie kazi ambayo angeifanya mwenyewe. Asiye na fedha ya wakala atazunguka njia za panya, na huko hakuna cheti, hakuna risiti na hakuna wa kumlalamikia akinyang’anywa mzigo au akitendewa vibaya zaidi. Kwa hiyo neno lililosemwa kwa sekunde tatu linaishia kuwa malipo ya wakala, au mzigo uliopotea porini, na serikali nazo zinakosa takwimu na mapato.

Upande wa pili wa kaunta una hasara yake. Muuza jumla anayemfanyia kebehi mteja wa rejareja hapotezi mteja mmoja. Wafanyabiashara wa mpakani husafiri kwa makundi, huazimana mitaji na hupeana habari za maduka. Habari ya duka linalodharau watu husafiri kwa kasi kuliko habari ya punguzo la bei. Biashara haigombi, na mteja aliyeumizwa mara nyingi hagombi pia. Anaondoka kimya, na mwenye duka anabaki kulaumu hali ya uchumi.

Gharama ya tatu haionekani kabisa. Anayetarajia kudharauliwa hujiandaa: hubeba nyaraka mara mbili, huvaa nguo asizozimudu, hutafuta mtu wa kumsindikiza, hufika saa mbili kabla. Muda huo wenzake wanautumia kuuza.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliosainiwa Novemba 30, 1999, unataja miongoni mwa misingi yake utawala bora, fursa sawa, usawa wa kijinsia na haki za binadamu. Unazitaka pia nchi wanachama kuwa na mtazamo wa pamoja kuhusu makundi yaliyo pembeni, wakiwamo watoto, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Itifaki ya Soko la Pamoja inakataza kumbagua raia wa nchi mwanachama kwa sababu ya uraia wake.

Misingi hiyo imewahi kupimwa mahakamani. Mwaka 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda alipofika uwanja wa ndege wa Entebbe, akarudishwa kwao. Alifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na Mei 2013 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki kwa kumkatalia bila kumweleza sababu. Somo kwa msafiri wa kawaida ni kwamba nchi ina haki ya kumzuia mtu kwa sababu inayokubalika, lakini sababu hiyo lazima isemwe. Kumtazama mtu na kumwambia “hapana” hakutoshi.

Kwa malalamiko ya ndani ya nchi zipo taasisi. Tanzania ina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kenya ina Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa, pamoja na tume ya uwiano na utangamano iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Uganda ina Tume ya Fursa Sawa. Taasisi hizo hufanya kazi vizuri zaidi zinapopelekewa mambo yenye tarehe, saa, kituo na maneno yaliyosemwa. Dharau moja ni vigumu kuithibitisha. Ishirini zilizoandikwa na chama cha wafanyabiashara kwa miezi sita, katika kituo kimoja na dirisha moja, ni ushahidi ambao mkuu wa kituo hawezi kuupuuza kwa kusema watu wana hasira za karibu.

Kipimo cha swali moja

Sehemu kubwa ya dharau hizi, hata hivyo, haitafika mbele ya tume wala mahakama, na si lazima ifike. Zinatendwa na watu wa kawaida ambao wengi wao wangeona aibu kama wangejisikia. Hata mfanyabiashara anayedharauliwa Busia asubuhi anaweza kumdharau mbeba mizigo wake mchana.

Kipo kipimo kimoja chepesi kwa ofisa, mwenye duka, dereva na mwenye gesti: je, swali hili ningemwuliza kila aliye kwenye foleni? Kama kila mtu anaulizwa anakotoka, ni kazi. Kama anaulizwa mmoja, ni dharau. Kama kila mteja anaamkiwa, ni heshima ya duka. Kama wengine wanaamkiwa na mmoja anaitwa “wewe”, duka limeshachagua wateja wake.

Mengine yanafuata hapo. Mtu huulizwa jina lake akaitwa hilo. Mwenye ulemavu husemeshwa yeye mwenyewe, na kabla ya kusaidiwa huulizwa kama anahitaji msaada na wa namna gani. Lafudhi ya mwenzako inatosha ikiwa umeelewa anachotaka kununua. Kiswahili cha Bukavu, cha Kampala na cha Mombasa vimekuwa vikiuziana bidhaa muda mrefu bila mkalimani. Na anayeona mwenzake akidharauliwa kwenye foleni ana nguvu kuliko anayedharauliwa, kwa sababu yeye hawezi kuambiwa analia njaa yake. Sentensi fupi inatosha: “Ofisa, mzigo ni wa huyu mama, mwulize yeye.”

Sentensi hiyo haihitaji bajeti wala kikao cha mawaziri. Inayemsaidia si mama huyo peke yake. Safari ijayo ataingia dirishani mwenyewe, ataomba cheti chake mwenyewe, na kijana aliye nyuma yake atakuwa ameona jinsi inavyofanyika.